Margaret Wade: Timu yake ilifutwa akiwa binti, akairudisha akiwa na miaka 60

MASHABIKI wa soka wanaikumbuka vizuri rekodi ya Arsenal ya Arsène Wenger. Mechi 49 za Ligi Kuu England bila kupoteza hata moja, kati ya mwaka 2003 na 2004. Ni rekodi nzito, lakini ukiichambua utakuta ndani yake kuna sare 13.

Sasa kuna mama mmoja wa Mississippi, Marekani, ambaye timu yake ya kikapu ilicheza mechi 51 na kushinda zote 51. Hakuna kupoteza, hakuna sare, hakuna kugawana pointi. Kila aliyekutana nao katika mechi hizo alirudi nyumbani amechapwa.

Jina lake ni Lily Margaret Wade. Alipokabidhiwa timu hiyo alikuwa na miaka 60, umri ambao makocha wengi wanafikiria kiinua mgongo na shamba. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani. Akatetea taji, kisha akatetea tena.

Hata hivyo, mataji ni nusu tu ya habari yake. Nusu nyingine ni kwamba chuo kilichompa timu mwaka 1973 ndicho kilichomnyang'anya timu mwaka 1932. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 41, na mama huyu hakuwahi kwenda mbali na mpira.

BINTI WA CLEVELAND

Wade alizaliwa Desemba 30, 1912, katika mji mdogo wa McCool, Mississippi, na maisha yake yote makubwa yalikuwa Cleveland. Usichanganye na Cleveland ile ya Ohio, wanakotoka Cavaliers. Hii ni Cleveland ya Mississippi, mji wa katikati ya mashamba ya pamba, katika ukanda tambarare unaoitwa Delta.

Mwaka 1925 kulifunguliwa chuo cha ualimu katika mji huo, Delta State. Binti Wade akasoma hapo, akaingia timu ya kikapu ya wanawake na akawa nahodha. Alikuwa mtu wa mpira hasa, wale ambao ukimtafuta darasani humkuti, ukienda uwanjani yupo.

Mwaka 1932, akiwa amebakiza msimu mmoja kumaliza masomo, uongozi wa chuo ukafanya uamuzi. Timu ya wanawake inafutwa. Sababu? Eti kikapu ni mchezo mgumu mno kwa mabinti, utawachosha na kuwaumiza.

Sababu iliyotolewa haikuwa ukata wala kashfa, wala timu mbovu. Watu wazima walikaa ofisini, wakakubaliana kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa ajili ya kukimbia na mpira, basi, kesi imefungwa.

Wade na wenzake walilia. Halafu wakachukua jezi zao wakazichoma moto. Kwa wachezaji wanaojua mapenzi ya jezi, hilo halihitaji maelezo. Nahodha alikuwa na miaka 19 na hakuwa na timu.

HAWAKUWA PEKE YAO

Usije ukadhani Delta State walikuwa na roho mbaya peke yao. Upepo wa nyakati zile ulikuwa unavuma hivyo, na ulikuwa umeanza zamani.

James Naismith alibuni kikapu mwaka 1891 pale Springfield, Massachusetts. Muda mfupi tu baadaye, mwalimu wa mazoezi anayeitwa Senda Berenson akaupeleka mchezo huo kwa wasichana wa Chuo cha Smith, jirani tu na hapo. Mabinti waliupenda kupita kiasi. Lakini Berenson, kwa kuhofia watu wangesema mchezo unawafanya wasichana wawe wakali, alitunga kanuni za kuupoza. Uwanja ukagawanywa katika maeneo matatu na mchezaji hakuruhusiwa kutoka eneo lake. Kumpokonya mwenzako mpira mkononi ikawa marufuku.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mwanamke wa Marekani alicheza kikapu cha nusu nusu. Hata maeneo matatu yalipopunguzwa na kuwa mawili, timu iliingia na wachezaji sita. Watatu walikaa upande wa kushambulia na watatu upande wa kulinda, na mstari wa katikati haukuvukwa. Fikiria soka ambayo beki wa pembeni akikanyaga mstari wa kati anapulizwa filimbi.

Mwaka 1923 likaja jambo lingine. Lou Henry Hoover, ambaye mumewe Herbert Hoover baadaye alikuwa Rais wa Marekani, aliongoza harakati za kutaka wanawake wacheze kwa kujifurahisha tu. Mashindano ya chuo kwa chuo, viingilio na ubingwa viachwe. Wapo walimu wa kike walioliunga mkono jambo hilo kwa nia njema kabisa, wakiogopa mabinti kugeuzwa maonyesho ya biashara. Nia ilikuwa njema, lakini timu zilikufa.

Sisi wa soka tusicheke. Desemba 26, 1920, mechi ya wanawake pale Goodison Park, uwanja wa Everton, iliingiza watazamaji 53,000 kuiona Dick, Kerr Ladies. Haukupita mwaka. Desemba 5, 1921, Chama cha Soka cha England kikapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake, kikidai soka haiwafai. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Brazil nao waliweka yao mwaka 1941, wakaiondoa mwaka 1979.

Kwa hiyo moto ule wa jezi pale Cleveland ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Tofauti ni kwamba huyu nahodha aliishi hadi akapata mechi ya marudiano.

MECHI 453 ALIZOSHINDA KIMYAKIMYA

Wade alihitimu mwaka 1933. Mguu bado ulikuwa unawasha, akaenda kucheza Tupelo Red Wings, timu ya wanawake ya huko huko Mississippi. Goti likamsaliti. Ndoto ya kucheza ikaishia hapo.

Akafanya walichofanya wanamichezo wengi wa kike wa kizazi chake, akawa mwalimu. Baada ya kuanzia shule nyingine, mwaka 1935 alirudi mjini kwake kufundisha Shule ya Sekondari Cleveland. Kule sekondari, hasa katika miji midogo ya Kusini, kikapu cha wasichana kilikuwa bado kinapumua. Wade akapewa timu.

Alikaa nayo hadi mwaka 1954. Rekodi yake inasomeka hivi: ameshinda mechi 453, amepoteza 89, ametoka sare 6. Ndiyo, enzi zile mechi ya kikapu ya shule iliweza kuisha kwa sare. Kwa hesabu ya haraka, katika kila mechi sita alikuwa anashinda tano.

Na hapo ndipo pa kusikitika kidogo. Msichana aliyetoka kwenye mikono ya kocha huyu akiwa na miaka 18, akiwa moto wa kuotea mbali, alikwenda wapi? Chuo cha jirani kilichokuwa kinapokea wanafunzi hakikuwa na timu. Kazi yote ile ya mazoezi, siku ya mahafali ilikuwa imekwisha. Kwa miaka 19 Wade alikuwa anapika chakula ambacho hakuna aliyeandaa meza ya kukila.

Mwaka 1959 akarudi Delta State, safari hii kama mkuu wa elimu ya viungo kwa wanawake. Chuo kilichomfuta nahodha kikamwajiri mwalimu. Timu ya kikapu ya wanawake bado hakuna. Akafundisha madarasa yake, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka. Miaka 14 mingine.

SHERIA YAGEUKA, LUCAS AMWITA

Mambo yalianza kubadilika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 kikapu cha wanawake vyuoni kiliachana rasmi na mtindo wa wachezaji sita. Sasa wakawa watano kwa watano, uwanja mzima, kama wanaume. Mwaka huo huo vyuo vikaunda chombo cha kusimamia michezo ya wanawake, AIAW, na mwaka 1972 kikaanza kuendesha ubingwa wa taifa wa kikapu.

Juni 1972 Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya elimu ambayo kipengele chake kimoja, Title IX, kilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Sentensi yenyewe haikutaja michezo hata kidogo. Lakini vyuo vilielewa somo: ukiwa na timu ya vijana wa kiume, jiandae kuulizwa ya mabinti iko wapi.

Mwaka 1973 mkuu wa Delta State, Aubrey Lucas, aliamua timu ya wanawake irudi. Alihitaji kocha. Hakuhitaji kutangaza nafasi magazetini. Mtu alikuwa yupo palepale, ofisi ya elimu ya viungo, ana miaka 60 na rekodi ya mechi 453 kabatini.

Wade akakubali. Msimu wa kwanza, 1973/74, timu iliyotoka kaburini baada ya miaka 41 ikashinda mechi 16 na kupoteza mbili tu.

LUSIA AINGIA

Na silaha ilikuwepo. Lusia Harris alizaliwa mwaka 1955 pale Minter City, Mississippi, katika familia kubwa ya wakulima. Alikuwa binti mweusi mwenye urefu wa mita 1.90, aliyesoma Sekondari ya Amanda Elzy pale Greenwood. Akitega mgongo chini ya goli, umekwisha. Alikuwa na mikono laini, hana papara, na ribaundi zilikuwa kama zinamfuata mwenyewe.

Ni vizuri kuelewa uzito wa jambo hili. Delta State ilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1967 tu, na Mississippi ya wakati ule bado ilikuwa na vidonda vibichi vya ubaguzi wa rangi. Miaka saba baada ya mlango huo kufunguliwa, Harris alikuwa mchezaji pekee mweusi katika kikosi cha Wade, na timu nzima ikajengwa kumzunguka yeye.

Upande wa pili wa mizani alikuwepo Debbie Brock, mchezesha timu mwenye urefu wa mita 1.50. Watu walikuwa wakiwaona wawili hawa wakiingia pamoja wanacheka. Mpira ukianza, kicheko kinahamia upande wa pili. Brock alikuwa anauendesha mpira mbio, anamtafuta Harris chini, Harris anamaliza. Wapinzani wakijaza watu wawili au watatu kwa Harris, wenzake wa pembeni wanabaki peke yao.

Lilikuwa jambo rahisi kulielewa na gumu kulizuia. Wade, aliyekulia katika kikapu cha mistari na marufuku, sasa alikuwa na uwanja mzima wa kuchezea.

MASISTA NA NDOO ZAO

Mfalme wa kikapu cha wanawake wakati huo alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki karibu na Philadelphia. Chini ya kocha Cathy Rush walikuwa wamebeba ubingwa wa kwanza wa AIAW mwaka 1972, wakabeba wa 1973 na wa 1974. Jukwaani walikuwa na ushangiliaji wao wa aina yake. Masista wa chuo walikuja na ndoo za chuma na kuzigonga kwa fimbo mwanzo hadi mwisho wa mechi. Ukicheza na Immaculata, masikio yanakoma.

Msimu wa 1974/75 Delta State walifika fainali bila kupoteza. Mbele yao, Immaculata na ndoo zao, wakitafuta taji la nne mfululizo. Matokeo: Delta State 90, Immaculata 81. Msimu ukafungwa kwa mechi 28, ushindi 28.

Tuliweke hili sawa. Ulikuwa msimu wa pili tu tangu timu irudi. Bingwa wa taifa alikuwa chuo ambacho miaka 43 nyuma kilisema mchezo huu mabinti hawauwezi. Na kocha aliyesimama kando ya mstari ni yule yule aliyesimama kando ya moto wa jezi.

Waliosema ni bahati walisubiri msimu uliofuata. Ushindi ulizidi kupangana hadi ukafika ule wa 51 mfululizo. Wakamaliza 1975/76 wakiwa wameshinda mechi 33 na kupoteza moja, na fainali ikawa na Immaculata tena. Delta State 69, Immaculata 64.

Majira ya joto ya mwaka huo huo, kikapu cha wanawake kiliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, pale Montreal. Harris aliitwa timu ya Marekani, akiwa pamoja na Pat Head, ambaye baadaye dunia ilimjua kama kocha Pat Summitt. Pointi za kwanza kabisa katika historia ya kikapu cha wanawake Olimpiki zilifungwa na Harris, katika mechi dhidi ya Japan. Marekani wakarudi na medali ya fedha nyuma ya Umoja wa Kisovieti.

Mwaka 1977 ikawa zamu ya Louisiana State kuumia fainali, 68 kwa 55. Taji la tatu mfululizo. Harris akamaliza chuo akiwa na karibu pointi 3,000 na zaidi ya ribaundi 1,600. New Orleans Jazz ya NBA ikamchagua rasmi katika usajili wa wachezaji wapya mwaka huo. Ndiyo, NBA, ligi ya wanaume. Hakwenda. Lakini jina lake liliitwa.

MLIMA HAUNA KILELE KIREFU

Hakuna kocha anayeshinda milele. Msimu wa 1977/78, bila Harris, Delta State walishinda 27 na kupoteza 4, bado timu nzuri lakini taji likaenda kwingine. Msimu uliofuata walishinda 21 na kupoteza 13.

Sababu moja ilikuwa wazi, Lusia Harris hazaliwi kila mwaka. Nyingine ilikuwa kubwa zaidi ya Wade. Vyuo vikuu vyenye fedha, vilivyokuwa vimelala, vilikuwa vimeamka. Vilianza kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa kike, kujenga kumbi na kulipa makocha. Immaculata na Delta State, vyuo vidogo vilivyowahi kufika mezani, vikaanza kusukumwa pembeni. Mwaka 1982 NCAA, wakubwa wa michezo ya vyuo, walianzisha ubingwa wao wa kikapu cha wanawake, na AIAW ikafa mwaka huo.

Wade hakungoja kuona hayo akiwa kwenye benchi. Alistaafu mwaka 1979. Misimu sita pale Delta State: ushindi 157, vipigo 23, mataji matatu. Ukijumlisha na zile mechi za Sekondari ya Cleveland, unapata ushindi 610.

JINA LIMEBAKI

Heshima hazikuchelewa sana. Mwaka 1978, akiwa bado anafundisha, tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo Marekani ilipewa jina lake, Wade Trophy. Wa kwanza kuitwaa alikuwa Carol Blazejowski wa Montclair State. Hadi leo inatolewa kila mwaka, na binti anayeinua tuzo hiyo anainua jina la mwanamke ambaye chuo kilimwambia aache mpira akiwa na miaka 19.

Mwaka 1985 Ukumbi wa Heshima wa Naismith kule Springfield ulifungua milango kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Waliingia watatu. Mmoja alikuwa Bertha Teague, kocha maarufu wa sekondari kutoka Oklahoma. Wa pili alikuwa Senda Berenson, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Wa tatu, Margaret Wade. Aliyeuchora mstari ambao mabinti hawakutakiwa kuuvuka, na aliyewafundisha mabinti kuukimbia uwanja wote, majina yao yaliandikwa siku moja. Harris alimfuata kocha wake huko mwaka 1992, mwanamke mweusi wa kwanza.

Wade alifariki Februari 16, 1995, akiwa na miaka 82, mjini kwake Cleveland.

Ukiiangalia rekodi yake, unaweza kujiuliza ingekuwaje kama ile timu ya 1932 isingefutwa. Swali hilo kwa Wade lina jibu, kwa sababu alipata nafasi ya pili na akaonyesha. Kwa wasichana waliopita Delta State kati ya 1932 na 1973, swali halina jibu. Wapo waliokuwa wadogo kama Debbie Brock na wapo waliokuwa warefu kama Lusia Harris. Walisoma, wakahitimu, wakaenda kufundisha, kuolewa, kulea. Hakuna aliyewahesabia pointi.

Ndiyo maana kila mara chama au klabu inapotangaza kwamba timu ya wanawake inasimamishwa kidogo, hadi hali itakapokaa vizuri, mtu aulize hali hiyo itakaa vizuri lini. Delta State walisimamisha kidogo. Ikachukua miaka 41.